Ukuta peke yake hautoshi: dhana potofu kuhusu kiunzi cha seli za mimea

Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja tu. Huchipuka kwenye ganda la mbegu siku ua linapochanua, na baada ya wiki tatu hivi huwa na urefu wa sentimita mbili na nusu au zaidi, ilhali unene wake ni takriban mikromita 20. Kwa nini seli hiyo irefuke namna ile badala ya kuvimba? Jibu limo kwenye kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi za protini uliomo ndani yake. Mtandao huu unastahili kueleweka vizuri kuliko unavyoeleweka sasa.

Dhana: Seli ya mmea ina ukuta, kwa hiyo haihitaji kiunzi.

Ukuta huo haujijengi wenyewe. Chini kidogo ya utando wa seli zimetandazwa mikrotubuli, vijibomba vya protini ya tubulini vyenye kipenyo cha nanomita 25. Vimeng'enya vinavyotengeneza selulosi, malighafi kuu ya ukuta, husafiri kwenye utando vikifuata njia za mikrotubuli, huku vikitandika nyuzi za selulosi upande wa nje. Mikrotubuli zikilala kukingama, selulosi nayo hulala kukingama.

Mwaka 1962 mwanabaiolojia Paul Green aliuweka mwani wa Nitella kwenye kolchisini, dawa iliyojulikana kuvunja nyuzi za protini zinazotenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Seli zake ndefu zilianza kuvimba kuwa mviringo, na selulosi ikapoteza mpangilio. Akahitimisha kwamba ndani ya seli lazima kuna nyuzi za protini zinazoongoza ujenzi wa ukuta, ingawa hakuna aliyekuwa ameziona. Mwaka uliofuata watafiti Ledbetter na Porter walizionyesha nyuzi hizo, yaani mikrotubuli, kwa hadubini ya elektroni, zikiwa sambamba na selulosi. Hatimaye, mwaka 2006, Paredez, Somerville na Ehrhardt walivitazama vimeng'enya hivyo vikipita juu ya mikrotubuli katika seli hai za mmea wa Arabidopsis. Kwangu mimi, hoja ya Green ni miongoni mwa hoja bora kabisa katika baiolojia ya mimea.

Dhana: Mikrotubuli ndizo zinazoisukuma seli irefuke.

Hapana. Nguvu inatoka kwenye maji yaliyojaa ndani ya vakuoli (mfuko mkubwa ulio ndani ya seli), ambayo presha yake mara nyingi huzidi ile ya tairi la gari. Lakini presha haina mwelekeo. Husukuma pande zote sawasawa. Tena katika umbo la silinda, mkazo unaouzunguka ukuta ni mara mbili ya mkazo unaouvuta kwa urefu, kwa hiyo seli ikiachwa ilivyo itanenepa. Zungushia puto uzi kiunoni kote, kisha lipulize: litarefuka, kwa kuwa upana umebanwa. Selulosi iliyolala kukingama hufanya kazi hiyohiyo.

Ushahidi upo shambani. Pendimethalini, kiuagugu kinachotumiwa kwenye mahindi na vitunguu, huzuia tubulini isijiunge kuwa mikrotubuli. Chimbua gugu lililokutana nayo likiwa linaota: ncha za mizizi yake zimekuwa fupi na nene. Maji hayakupungua, presha ilikuwepo. Kilichokosekana ni mwelekeo. Ncha hizo pia zimeshindwa kugawanya seli zake, kwa sababu mikrotubuli ndizo zinazotenganisha kromosomu.

Dhana: Kiunzi ni kigumu na cha kudumu, kama mifupa.

Mikrotubuli hujengwa na kubomolewa muda wote. Chipukizi changa kikipigwa na mwanga wa buluu, protini iitwayo katanini huzikata pale zinapokutana, vipande vinakua upande mwingine, na mpangilio mzima hugeuka kutoka kukingama hadi kwenda urefuni katika muda usiofika saa moja.

Dhana: Seli zote za mmea hurefuka kwa njia hiyo.

Chavua ya mahindi ikitua kwenye ndevu za hindi, hutoa mrija unaoteremka sentimita nyingi hadi kwenye yai. Mrija huo haurefuki mwili mzima. Hukua kwenye ncha pekee. Hapa kazi kubwa ni ya aktini, nyuzi nyembamba za nanomita 7 hivi, ambazo juu yake protini za miosini hubeba vifuko vya malighafi ya ukuta kuelekea nchani. Dawa ya latrunkulini, inayovunja aktini, huusimamisha mrija hata kama presha ya maji bado ipo.