Msosi wa shule Marekani: viwango vinakazwa, vinalegezwa, mtoto wako anakula nini?

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, kila shule zikifunguliwa maswali ni yaleyale: mbona mtoto kalazimishwa kubeba tufaa, maziwa ya chokoleti si yalikatazwa, na hiyo piza kila Ijumaa ndo lishe bora kweli? Nayajibu hapa, ya chumvi nimeyapa nafasi kubwa makusudi.

Kwani shule haiwezi kupika inachotaka?

Inaweza, ila hela ya serikali kuu itaikosa. Mpango wa chakula cha mchana mashuleni uliwekwa kwa sheria ya 1946, rais Truman ndo alisaini, siku hizi unalisha watoto karibu milioni 30 kwa siku, na shule inarudishiwa hela kwa kila mlo uliotimiza masharti. Masharti makali yalikuja na sheria ya 2010, mama Michelle Obama aliipigia debe sana, kanuni zikatoka 2012: matunda na mboga kila siku, maziwa yasiyo na mafuta, au ya asilimia 1 ya mafuta yasiyowekwa ladha, nafaka nzima, na chumvi ipunguzwe kwa hatua tatu.

Sasa kulegeza kulianzia wapi?

Kulianza hata kabla kanuni hazijatoka. 2011 Congress, yaani bunge lao, iliizuia Wizara ya Kilimo, inayosimamia msosi huu, isibadilishe hesabu ya nyanya ya kopo, kwa hiyo vijiko viwili vya nyanya vilivyopakwa kwenye piza vikaendelea kuhesabiwa kama nusu kikombe cha mboga, watu walicheka nchi nzima. Halafu Mei 2017 waziri wa kilimo Sonny Perdue akatangaza kulegeza, na mfano alioutoa ungewachekesha wabongo, alisema shule za kusini zinapika grits, yaani uji mzito wa chenga za mahindi, sasa ile ya nafaka nzima ina vidoadoa vyeusi na watoto hawaitaki. Kwa kifupi watoto wamekataa dona. Kanuni ya 2018 ikasema nusu tu ya nafaka za wiki ndo iwe ya nafaka nzima, maziwa ya ladha (kama chokoleti) ya asilimia 1 yakarudi, na hatua ya mwisho ya chumvi ikafutwa kabisa. Aprili 2020 mahakama huko Maryland ikaitengua kwa kosa la utaratibu, lakini korona ilishaingia, shule zinagawa chakula kwenye mifuko, ruhusa maalum kila mahali, nani wa kuhesabu. 2022 ikaja kanuni ya katikati, nafaka nzima asilimia 80 ya nafaka za wiki, na 2024 wakakaza upande mwingine, wa sukari: kuanzia Julai 2025 maziwa ya ladha yasizidi gramu 10 za sukari ya kuongezwa kwa kikombe.

Hiyo nafaka nzima ni nzima kweli?

Sio yote. Kinachotakiwa ni angalau nusu ya nafaka iliyomo iwe haijakobolewa, inayobaki iwe imeongezewa virutubisho. Mimi hapo sina ugomvi, asilimia 80 inatosha na mtoto akila ni bora kuliko mkate wa brauni unaoishia kwenye pipa la taka, na wapishi wa shule wamelilalamikia sana hilo pipa.

Na chumvi?

Hapo ndo naona wamelegeza kupita kiasi. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 hadi 2025 ulisema mtoto wa miaka 4 hadi 8 asizidi miligramu 1500 za sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) kwa siku. Sasa angalia kikomo cha mchana kwa wadogo, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, wastani wa wiki: 2014 kilikuwa 1230, 2023 kikashuka hadi 1110, na kinatakiwa kufika 935 Julai 2027, wakati mpango wa mwanzo ulikuwa 640. Piga hesabu mwenyewe, mtoto wa miaka sita akila mchana wenye 1110 amebakiwa na 390 kwa asubuhi, jioni na vitafunwa vyote, na jioni nyumbani tunamwagia Royco kwenye mchuzi. Na hiyo chumvi hata haionekani, iko ndani ya jibini, soseji, mkate, kuku wa kukaanga aliyekuja tayari kwenye boksi. Marekani watu weusi presha inawakamata mapema na kwa wingi kuliko wengine, kwa hiyo usiniambie ni mambo ya wanasiasa tu.

Mbona mtoto kalazimishwa kuchukua tufaa?

Mlo una makundi matano: tunda, mboga, nafaka, nyama au mbadala wake (maharage yamo, mayai yamo) na maziwa. Shule nyingi zinamruhusu mtoto achukue matatu tu, mradi kimojawapo kiwe tunda au mboga, nusu kikombe. Ndo maana mtu wa keshia anamrudisha akachukue tufaa, bila hilo mlo wake hauhesabiki.

Maziwa yanamvuruga tumbo, je?

Maziwa anaweza kuyaacha akachukua makundi mengine. Ila kama ni mzio au hali ya kiafya inayomzuia, peleka karatasi iliyosainiwa na daktari au mtaalamu wa afya anayetambulika jimboni, ieleze tatizo, kitu gani aepuke na apewe nini badala yake, shule inatakiwa imtafutie mbadala na bila kukutoza hela ya ziada. Maneno ya mdomo kwa mwalimu hayatoshi hapa.

Na nguruwe?

Sheria haiilazimishi shule kupika halali, lakini haimlazimishi mtoto kuchukua nyama pia. Menyu ya mwezi huwa inatoka mapema, ikae kwenye friji, mwoneshe siku za kuruka nyama, achukue tunda, mboga na nafaka, mlo wake unahesabika vilevile.