Kagoshima, mji unaoishi juu ya majivu

Volkano ya Sakurajima iko kilomita 4 tu hivi kutoka katikati ya Kagoshima, mji wa watu karibu laki sita kusini mwa kisiwa cha Kyushu, Japani, unapanda feri dakika 15 ushafika, na bado inatema majivu kila leo. Sisi watu wa jiolojia tukiangalia ile ghuba iliyo katikati ya mji na mlima tunaona shimo. Miaka kama 30,000 iliyopita kulitokea mlipuko mkubwa sana, ardhi ikadidimia, bahari ikaingia, ndo sehemu ya kaskazini ya ghuba hiyo, na Sakurajima yenyewe ilikuja kuota baadaye tu pembeni mwa shimo.

Vilivyotoka kwenye ule mlipuko vikafunika kusini yote, kuna sehemu unene unapita mita 100. Wenyeji wanauita shirasu, udongo mweupe mwepesi ambao maji hayakai, ukimwaga yanazama tu, na mvua kubwa ikipiga ngema zinaporomoka.

Kwangu mimi historia ya hapa inaanzia kwenye huo udongo. Mpunga unataka maji yatuame, shirasu haikubali. Sasa ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma (ndo jina la eneo hili enzi hizo), walikuwa na ardhi kubwa, mchele wa shida, na masamurai kibao wa kulisha, karibu robo ya watu wote! Wakageukia baharini. Mwaka 1609 wakavamia ufalme wa Ryukyu, yaani Okinawa ya leo, wakapata biashara ya China kwa mlango wa uani, na baadaye visiwa vya Amami, vilivyo kati ya Kyushu na Okinawa, wakavikamua sukari mpaka basi, wakulima wa miwa kule waliteseka kweli na hilo watalii hawaambiwi sana. Viazi vitamu navyo vikaingia kupitia Ryukyu mwanzoni mwa miaka ya 1700, vikapendana na shirasu hadi leo Japani inaviita viazi vya Satsuma, na wenyeji wanavitengenezea pombe, shochu.

Pesa ya sukari ilisaidia kujenga viwanda na kununua silaha. Mwaka 1863 manowari za Waingereza zikaupiga mji mizinga, sehemu kubwa ikaungua, na miaka miwili tu baadaye Satsuma wakawatuma vijana wao London kwa siri kusoma, maana kutoka nje ilikuwa marufuku. 1868 wakashiriki kumwangusha shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Saigo Takamori, mmoja wa waliojenga serikali mpya, akaja kuiasi, akafia kilima cha Shiroyama hapo hapo mjini, 1877.

Ila kinachonigusa zaidi ni jiwe moja kule Sakurajima. Januari 1914 ardhi ilitikisika, visima vikabadilika, wanakijiji wakauliza kituo cha hali ya hewa mjini, wakajibiwa mlima hautalipuka. Ukalipuka, na lava ikaziba mlango wa bahari wenye upana wa mita 400 hivi, kisiwa kikaungana na rasi ya Osumi upande wa mashariki. Miaka kumi baadaye kijiji kikasimamisha jiwe linalowaambia watu wasitegemee nadharia, wakiona dalili wakimbie. Wanajiolojia wote tulisome.

Siku hizi manispaa inagawa mifuko ya njano ya kuzolea majivu, na utabiri wa hewa unataja upepo wa juu ya mlima. Ukitaka kwenda nenda kipindi cha baridi, upepo unasukuma majivu upande wa Osumi, kiangazi yanakuja mjini na nguo za kwenye kamba usahau.