Pembe yao, ngao zetu

Taifa Stars wakikutana na Bafana Bafana tu, basi: "Tumekopi wimbo wa taifa wa Afrika Kusini." Na linasemwa hata hapa Dodoma, mkoa wenye Kongwa!

Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga sauti ile ya "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897. Sisi tuliufanya wimbo wa taifa, "Mungu ibariki Afrika", tarehe 9 Desemba 1961. Wakati huo dola ya Afrika Kusini iliimba Die Stem, na "Nkosi Sikelel' iAfrika" ulikuwa wimbo wa ANC, chama cha ukombozi. Wapiganaji wa ANC waliopiga kambi Kongwa miaka ya 1960 walikuta sauti yao inapigiwa saluti ugenini. Kwao ilipewa hadhi hiyo 1994, ikaunganishwa na Die Stem 1997. Nani kamkopi nani? Zambia nayo iliichukua 1964, kwa maneno yake.

Kinachonikera zaidi ni wale wajuaji wanaosema wetu ni "tafsiri". Mstari wa kwanza, sawa: "Nkosi" ni Bwana, sisi tukaweka Mungu. Wa pili wao ni "Maluphakanyisw' uphondo lwayo", yaani pembe yake (nguvu yake) na iinuliwe, lugha ya Zaburi kabisa. Kisha "Yizwa imithandazo yethu", usikie maombi yetu. Haya, nitafutie pembe kwenye wetu. Pale pale sisi tunawaombea viongozi, halafu hekima, umoja na amani vinaitwa ngao. Pembe huinuliwa, ngao hukinga. Hayo ni maombi mawili tofauti. Ila nami jina la kuuita linanishinda: kuuita tafsiri ni kuupunja, kuuita utunzi mpya ni kumpunja Sontonga.

Ubeti wa pili uliimbwa kwa jina "Tanganyika" hadi 1964, mwaka wa Muungano. Ta-nga-nyi-ka silabi nne, Ta-nza-ni-a nne, kwa hiyo jina lilibadilika bila kugusa sauti. Tatizo la kwaya liko kwingine: A-fri-ka ni tatu. Wakifika ubeti wa pili wanaibana ile ya nne, inatoka "Tanzanya". Walimu wa kwaya, imbisheni -ni-a peke yake, polepole, besi na tenor kwanza, ndipo muunganishe sauti zote nne. Na kiitikio cha mwisho ni "watoto wa Tanzania". Kila hafla kuna sauti moja, tena ya juu, inayomalizia na Afrika.