Peruse sio kupitisha macho juu juu

Nimeletewa tena mkataba niuhariri, na pale kwenye neno la Kiingereza peruse mtu kaandika "tafadhali upitie harakaharaka". Jamani. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba na hili kosa nishalisahihisha mpaka nimechoka, kwa sababu mteja akiambiwa apitie harakaharaka si atasaini kitu hajakisoma, na hasara itakuwa yake.

Peruse ni per ya Kilatini, yaani kabisa, mpaka mwisho, ile ile iliyo kwenye perfect, ikaunganishwa na use. Mwanzoni, karne ya 15, ilikuwa kutumia kitu mpaka kiishe au kichakae, baadae ndo ikahamia kwenye kukagua na kusoma. Kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, Ophelia, msichana anayependwa na Hamlet, anasimulia jinsi Hamlet alivyomshika mkono akamkazia macho usoni kama vile anataka kumchora, na neno lililotumika hapo ni perusal. Humohumo mfalme anamhakikishia Laertes, kaka yake Ophelia anayekwenda kushindana panga na Hamlet, kwamba Hamlet hatazi-peruse zile panga za mchezo, na kweli hakuzikagua vizuri, akachomwa na yenye sumu. Sasa hapo harakaharaka iko wapi?

Ila na wale wanaobisha kwamba maana ni "kusoma kwa makini" tu, hapana, nao wamezidisha. Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya Kiingereza ya 1755 alianza na "kusoma", basi, kukagua kukaja baadae, na kamusi ya Merriam-Webster ya leo inazo zote, ya makini na ya juu juu. Kwa hiyo barua ya ofisi ikisema "for your perusal" mimi naandika "uisome", sina haja ya kumwekea mtu makini ambayo hajaombwa.

Kinachonisumbua kweli ni Kiswahili chetu. Kupitia nako kuna sura mbili: mwanafunzi anapitia notisi usiku kucha kabla ya mtihani, na mwingine anapitia gazeti akisubiri basi. Kudurusu ni neno zuri sana, lakini wengi wakilisikia wanawaza masomo au kitabu kilichofanyiwa marekebisho, na kwenye mkataba bado naliogopa, sijaamua. Huu wa juzi nimeandika "usome kifungu kwa kifungu kabla ya kusaini", aliyeutafsiri kauliza mbona neno moja limekuwa sentensi nzima, nikamwambia iache hivyohivyo.