Uchafuzi wa dizeli bandarini: masizi si hewa ukaa

Mwaka huu kauli moja imerudiwa kwenye semina, kwenye redio na kwenye vikao vya wasafirishaji hapa Arusha mpaka nimeona niiandikie. Inasemwa kwamba bandari zetu zipunguze kaboni ili watu wanaoishi jirani wapumue hewa safi. Msemaji mwingine akasimama, akasema kampuni yake imekwishapunguza uchafuzi wa dizeli kwa kupanda miti mkoani Kilimanjaro, ukumbi ukapiga makofi. Miti ni jambo jema, sina ugomvi nayo. Lakini kauli zote mbili zimechanganya mambo yasiyochanganyika, na wanaoumia kwa mkanganyiko huo ni watu walewale tunaosema tunawatetea.

Maana yenyewe haina mafumbo. Uchafuzi wa dizeli bandarini ni chembe na gesi zenye madhara zinazotoka kwenye injini za dizeli zinazofanya kazi huko: kreni za kupangia makontena, forklifti, matrekta yanayovuta matela ndani ya yadi, vichwa vya treni, malori yanayoingia na kutoka, na meli zenyewe zikiwa zimefunga gatini. Kuupunguza ni kufanya injini hizo zitoe vitu hivyo kwa uchache, au kuziondoa na kuweka mitambo ya umeme. Basi. Ugumu unaanza mtu akiuliza: ni nini hasa kinachopunguzwa?

Eksozi moja hutoa vitu vingi kwa wakati mmoja. Kuna hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ile ambayo kwenye semina huitwa kaboni kwa kifupi. Haina rangi wala harufu. Kwa kiwango kinachopatikana nje, haimkoholeshi mtu. Ubaya wake ni kwamba hukaa angani miaka mamia na kuipasha dunia joto. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa, na hakuna chujio la kwenye gari linalobadilisha hesabu hiyo. Ukitaka ipungue, choma lita chache. Na haijalishi imetoka Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, au Njia Panda ya Himo mkoani Kilimanjaro, maana ikishapanda huchanganyika na anga la dunia nzima.

Kisha kuna masizi. Haya ni chembe ndogo za kaboni zilizovikwa mafuta yaliyoungua nusu na kemikali nyingine. Nyingi zina upana usiofika mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Kwa udogo huo hupita puani, hupita kooni, hutua ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi hayakai angani miaka mamia, hukaa siku au wiki chache tu. Madhara yake ni ya karibu: kuli aliye gatini, dereva aliye kwenye foleni, utingo aliyelala chini ya tela, mtoto ambaye darasa lake linapakana na barabara ya malori.

Masizi yanazaliwaje? Kwenye injini ya dizeli hewa hukandamizwa mpaka iwe na joto kali, kisha mafuta hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe bila plagi. Hayapati muda wa kuchanganyika sawasawa na hewa. Pale mafuta yalipojaa na hewa ikapungua, kaboni haimalizi kuungua, hujikusanya ikawa chembe. Ndiyo maana lori lenye eya klina iliyoziba, au nozeli zilizochoka, au ambalo fundi ameliongezea mafuta kwenye pampu ili lipande mlima vizuri, hutema moshi mweusi kama mkaa.

Tena kuna gesi za naitrojeni, na hizi watu huzisahau kabisa. Huzaliwa na joto lenyewe, pale naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya kawaida inapolazimika kuungana na oksijeni. Huwasha koo, huamsha pumu, na jua likizipiga pamoja na mivuke mingine huzaa ozoni ya chini, ambayo nayo huumiza mapafu. Ukirekebisha injini ili iungue kwa joto zaidi masizi yapungue, gesi za naitrojeni hupanda. Ukishusha joto, masizi hurudi. Watengenezaji wa injini wamehangaika na mvutano huo kwa miongo kadhaa, na ndiyo sababu malori mapya yana chujio la masizi na pia tangi la AdBlue, kila kimoja na kazi yake. Dereva anayedhani AdBlue ni mafuta ya kuongeza nguvu hajaelezwa tu. Ni urea na maji, na kazi yake ni kuzivunja gesi za naitrojeni kabla hazijatoka.

Mkanganyiko wenyewe una chimbuko linaloeleweka. Masizi ni kaboni kwelikweli, hivyo fundi anayesema injini imejaa kaboni yuko sahihi. Upande mwingine, watu wa kanda hii wamesikia sana biashara ya kaboni, kwa kuwa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wamekuwa wakilipwa kwa kutunza misitu yao. Kaboni ya biashara hiyo ni hewa ukaa inayohifadhiwa kwenye miti. Mtu akisikia jina lilelile mara mbili anaunganisha, kisha anafikia hitimisho kwamba mti uliopandwa Marangu umefuta moshi wa forklifti. Mti ule utafyonza hewa ukaa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Chembe iliyokwishaingia kwenye mapafu ya mpakiaji mzigo, mti hauifikii.

Anayedhani hili ni la wasomi kubishana maneno atazame Los Angeles na Long Beach, bandari mbili zinazopakana huko California. Mwaka 2006 zilipitisha mpango wa pamoja wa kusafisha hewa, na shabaha zilizoandikwa zilikuwa masizi ya dizeli, gesi za naitrojeni na gesi za salfa. Tarehe 1 Oktoba 2008 malori yaliyotengenezwa kabla ya 1989 yalizuiwa kuingia. Kufikia 2012 ni yale tu yaliyotimiza kiwango cha injini cha Marekani cha 2007 yaliyoruhusiwa, na kiwango hicho kwa vitendo kilimaanisha chujio la masizi. Meli nazo zikapewa motisha ya kupunguza mwendo zikikaribia, na gati zikawekewa umeme ili meli izime jenereta zake. Leo masizi ya dizeli katika bandari ya Los Angeles yako chini kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na 2005, na makontena hayakuacha kupita. Hewa ukaa haikushuka kwa kiwango kinachokaribia hicho. Bandari ileile, miaka ileile, hesabu mbili tofauti. Kama wangepima kaboni peke yake wangesema hawajafanya kitu cha maana, na kumbe watu wa mitaa ile walikuwa wameanza kupumua hewa nyingine.

Sasa geuza hesabu hiyo uilete huku kwetu. Malori mengi yanayobeba mzigo kutoka Dar es Salaam na Tanga kuja Moshi na Arusha yamenunuliwa yakiwa yametumika Ulaya, na yale ya miaka ya karibuni huja na chujio la masizi. Ni kopo kubwa la chuma, na ndani yake mna kauri yenye vijitundu vingi mno vilivyozibwa kwa kupishana, hivyo moshi hulazimika kupenya kwenye kuta na kuacha masizi nyuma. Chujio zima hukamata sehemu kubwa mno ya masizi, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Masizi hayo huungua humohumo eksozi ikipata joto la kutosha, na majivu yanayobaki huhitaji kusafishwa kila baada ya kilomita nyingi. Lori likikaa sana kwenye foleni huku injini inanguruma, eksozi haipati joto, chujio linaziba, taa inawaka kwenye dashibodi na nguvu inakatwa.

Nimeshuhudia kinachofuata katika gereji moja pembeni ya mji. Fundi alilikata kopo kwa grenda, akaigonga kauri kwa mtaimbo mpaka ikatoka vipande, akalichomelea kopo likiwa tupu, kisha kijana mwenye kompyuta akaifuta taa. Sakafuni palibaki unga mweusi laini uliopeperuka kila mtu alipopita, na dogo wa gereji akaufagia bila kitu chochote usoni. Mwenye lori alifurahi, gari linavuta. Kwa kipimo cha kaboni, hapo hakuna kosa lililofanyika. Lori linachoma dizeli ileile, pengine chache kidogo, kwa kuwa eksozi imefunguka. Kwa kipimo cha masizi, lori lile sasa linatoa mara kumi au zaidi ya lilivyokuwa likitoa. Bandari inayojisifu kupunguza kaboni inaweza kulipokea lori hilo kila wiki, na vitabu vyake vikaonyesha kwamba mambo ni safi.

Na kisingizio kwamba chujio hung'olewa kwa sababu mafuta yetu ni machafu hakina tena uzito wa zamani. Salfa nyingi huharibu vifaa hivi, na zamani fundi alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tangu Januari 2015 kiwango cha nchi za Afrika Mashariki ni dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na kwa kiwango hicho chujio linafanya kazi. Meli ndizo zilizo nyuma. Kanuni ya kimataifa iliyoanza Januari 2020 iliteremsha salfa kwenye mafuta yao kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, hatua kubwa sana, lakini asilimia 0.5 bado ni mara 100 ya dizeli ya lori letu. Kwa hiyo meli inayokesha gatini ikiendesha taa, pampu na majokofu kwa jenereta zake haiwezi kuachwa nje ya mazungumzo. Gothenburg ya Uswidi iliziwekea feri za mizigo umeme wa gatini tangu 2000, na Los Angeles ikaanza kwa meli za makontena 2004.

Umeme ndio mahali ambapo hesabu mbili zinakutana. Kreni ya umeme haitoi masizi yadini, na kama umeme wenyewe unatoka kwenye maji, hewa ukaa nayo inashuka. Bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Ninachosisitiza ni kwamba bandari kavu, yaani yadi ya makontena iliyo mbali na bahari kama ile ya Kwala mkoani Pwani, peke yake haitoshi. Kontena likiondoka Dar es Salaam kwa treni hadi Kwala, masizi yamepungua. Likiondoka kwa lori bovu, foleni imehamia Kwala na masizi yake, na jirani mpya ndiye anayeyavuta. Sisi wa kaskazini tuna reli iliyofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911 na Arusha 1929. Behewa linalopanda nayo, hata likivutwa na kichwa cha dizeli, hupunguza lita zinazochomwa kwa kila tani, mradi injini ya kichwa hicho itunzwe.

Kuna wanaosema pia kwamba lori lisilotoa moshi mweusi ni safi. Si lazima. Kipimo cha weusi wa moshi hukamata injini mbovu, na ni kizuri kwa kazi hiyo, lakini chembe ndogo kabisa na gesi za naitrojeni hazionekani kwa macho. Wala kuzima injini kwenye foleni si jambo dogo. Lori kubwa lililosimama likinguruma hula karibu lita tatu kwa saa. Bandari inayompangia kila dereva muda wake wa kuingia getini inapunguza masizi na gesi na kuokoa fedha kwa mpigo, na hapo hata wa kaboni watafurahi kwa haki. Mama anayechoma ndizi pale Njia Panda ya Himo naye ana haki ileile ya kutaka malori yanayosimama mbele ya jiko lake yazimwe.

Kwa hiyo ndugu yetu wa miti asione haya kuendelea kupanda. Akija tena ukumbini aseme tu kwamba amefidia sehemu ya hewa ukaa ya kampuni yake, itakuwa kweli na tutampigia makofi. Anayetaka watu wa jirani na bandari wapumue vizuri, aombe masizi na gesi za naitrojeni zipungue, azitaje kwa majina, kisha aulize ni malori mangapi yanayopita getini yana chujio ambalo bado lina kauri ndani yake.