Maziwa ya opresheni hayakandwi

Jana tena. Kaja mwanamke na shangazi yake, siku ya 11 toka afanyiwe opresheni ya kukuza maziwa (matiti) huko nje, anavua baibui pole pole, namfungua sidiria, naona chini ya ziwa la kulia ngozi imetoka malengelenge, moja limeshapasuka, ukubwa kama kiganja cha mtoto, na vidole viwili tu kutoka hapo ndo ulipo mshono. Namuuliza umeungua na nini, ananitazama tu. Hajui kama kaungua! Shangazi ndo kajibu: "Tunamkanda mwanangu, maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, yalikuwa magumu kama jiwe."

Basi leo naandika, maana nimechoka kulisema hili kwa mtu mmoja mmoja ndani ya chumba cha dresingi.

Mie ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi na sasaivi kazi yangu kubwa ni vidonda. Kupasua sipasui. Wanawake ninaowaona mie wamefanyiwa nje ya Zanzibar, Dar, Nairobi, Uturuki, India, wanarudi na karatasi ya maelekezo kwenye mkoba na hamna mtu nyumbani aliyeisoma, halafu dresingi na nyuzi zinaishia mikononi mwetu.

Shangazi yule simlaumu, nataka lieleweke hilo. Kwetu mwanamke akijifungua anakandwa, siku arubaini, maji ya moto na majani, mkaja unafungwa, uji wa pilipili manga unapikwa. Na siku ya tatu maziwa yakijaa, yakakaza mpaka yanang'ara, anawekewa kitambaa cha uvuguvugu, anasingwa taratibu kuelekea kwenye chuchu, yanatoka, mtu anapumua. Hiyo sawa kabisa, hata sie wodi ya wazazi tunawaambia kina mama waweke uvuguvugu kidogo kabla ya kunyonyesha. Sasa mwanamke aliyetiwa implanti, kile kifuko cha kukuzia ziwa, siku ya tatu anakuwa vile vile: yamepanda juu, yamekaza, yanang'ara, ukigusa yana joto. Mtu mzima aliyelea wazazi chungu nzima akiyaona hivyo dawa yake anaijua. Macho yake hayajamdanganya, ila kilichomo ndani sicho anachokidhania.

Ndani hamna maziwa yaliyoziba. Daktari kafungua mfuko, ama nyuma ya tezi la ziwa ama chini ya msuli wa kifua, kaingiza implanti ya silikoni au ya maji ya chumvi, kafunga. Mfuko ule wote ni kidonda. Unachokiona chini ya ziwa ni sentimita 4 au 5, usichokiona ni kikubwa kama kisosi, kote inakogusa implanti, mbele na nyuma, na mishipa midogo ya damu humo ndo kwanza imeziba. Ukiweka moto mishipa inatanuka. Ikitanuka uvimbe unazidi, na ikifunguka damu haina pa kwenda, inavilia humo humo. Ule ugumu shangazi anaotaka kuuyeyusha ni uvimbe na msuli uliovutwa, unashuka wenyewe, wiki za mwanzo kidogo kidogo, halafu maziwa yenyewe yanakaa mahala pake kwenye miezi 3 mpaka 6. Ukiona wiki ya pili bado yako juu karibu na shingo usilie, ndo yanavyokuwa.

Halafu ganzi. Mishipa ya fahamu inayoleta hisia kwenye ngozi ya ziwa na chuchu inatokea ubavuni, katikati ya mbavu, na mfuko ukifunguliwa inavutwa na mingine inakatika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa, hasa upande wa chini, haihisi kitu. Shangazi anapima maji kwa mkono wake, mkono uliopika miaka 40, unaogeuza chapati bila kijiti, anaona yanafaa. Anayekandwa naye kanyamaza kwa sababu hasikii moto. Hamna hata mmoja kati yao anayeweza kujua kwamba ngozi inaungua, na ndo maana nikasema wa jana hakujua! Na barafu nayo ni hivyo hivyo, nishaona mtu kalala na kifuko cha barafu juu ya ngozi tupu mpaka ngozi ikabadilika rangi. Kama daktari wako kasema uweke ubaridi, kizungushie kitambaa kikavu, dakika chache, na utazame saa.

Ganzi kwa wengi inarudi, miezi, na ikirudi inakuja na vishindo vyake, michomo kama shoti ya umeme, muwasho wa ndani usiokuneka, chuchu inakuwa kali hata kanga ikigusa mtu anaruka. Wengine hairudi yote. Wanapotoka kule wengi hawajaambiwa hivyo au waliambiwa haraka haraka, na akiniuliza itarudi lini namwambia ukweli, tarehe hamna anayeweza kukutajia.

Sasa nije panaponiudhi hasa. Karatasi ya yule wa jana imeandikwa masaji. Neno moja tu, basi. Na nyumbani kila mtu kalitafsiri kwa anavyojua, mmoja kasema ndo kukanda, mwengine kasema ndo kusinga, katoa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, wakaanza kumsinga kidonda kikiwa hakijafunga. Skizeni, hivi ni vitu vitatu mbali mbali. Kukanda kwa moto, hakuna, si wiki ya kwanza si ya sita, mpaka hisia zirudi na daktari wako akuruhusu. Kusinga kovu ni baadae, kidonda kishafunga kabisa na magamba yote yameondoka yenyewe, ni kubonyeza kovu kwa kidole, na hapo jeli au plasta ya silikoni inasaidia zaidi kuliko mafuta ya karafuu, hasa sie watu weusi ambao makovu yetu yanapenda kuota keloidi, kovu linalovimba na kutanuka. Ya tatu ndo ile ya daktari, na haifanani na hizo mbili hata kidogo: mikono mikavu, unaisukuma implanti ndani ya mfuko wake, juu, chini, pembeni, unaishikilia kidogo unaiachia, na unaanza siku aliyokupangia yeye. Tena ni kwa implanti yenye uso laini tu, unaoteleza. Ile yenye uso wa mkwaruzo imetengenezwa ishikane na nyama isitembee, sasa wewe unaisukuma iende wapi? Na yenye umbo la tone la maji ikizunguka ndani ziwa linakaa upande. Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu yoyote aliguse ziwa lako muulize daktari aliyekupasua, ni laini au ya mkwaruzo, ya duara au ya tone. Ujumbe mmoja wa simu.

Na kuna jambo karatasi hizi hazilisemi. Hata hiyo masaji ya daktari ushahidi wake ni mwembamba. Mwili wa kila mtu unajenga utando kuizunguka implanti, kapsuli, ni kawaida, kwa wengine unakaza mpaka ziwa linakuwa gumu na linauma, na madaktari wanaupima kwa ngazi za Baker, 1 mpaka 4. Imefundishwa miaka na miaka kwamba masaji inazuia kukaza huko. Wapo madaktari wazuri wanaomwandikia kila mgonjwa na wapo wazuri vile vile walioiacha kabisa. Mie nafuata ya aliyepasua kwa sababu yeye ndo anajua kaweka nini na wapi, lakini hakika moyoni sina. Wiki 6 za kukaa bila kazi nzito nazo ni hivyo hivyo, mwengine atakwambia 4, mwengine 8, ni mazoea ya madaktari zaidi kuliko kipimo. Nazisimamia kwa sababu kidonda kikauke juu kisikauke, nguvu yake inakuja polepole, hata miezi 3 ngozi iliyoshonwa inakuwa na kama 80% ya nguvu ya zamani na haifiki tena 100. Kwa hiyo ukinambia "nesi kimekauka, nishapona" nitakujibu kimefunga mlango, ndani bado wanajenga.

Kazi za nyumbani nitapita haraka. Kukuna nazi hapana, ukikaa juu ya mbuzi ukaanza kusukuma, msuli unaofanya kazi ndo ule ule uliowekewa implanti chini yake. Kutwanga, kufua, kusonga ugali, ndoo ya maji, mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa (akupandie mapajani umekaa, usimnyanyue), hapana, wiki 6. Daladala usishike bomba la juu. Nguo vaa ya kufungua mbele. Lala chali, mito mitatu, kifua juu. Sidiria ile ya opresheni usiku na mchana, na kanga kifuani haishiki kazi yake hata uikaze vipi, waya ndo kabisa usiuguse. Bahari subiri kidonda kifunge chote. Sala, mwenye maradhi anaruhusiwa kusali amekaa, wengi mnalijua hili lakini mnaona haya mbele za wenzenu, mnakwenda sijda uzito wote umekaa mikononi. Shisha weka pembeni, tumbaku inabana mishipa, damu inayolisha kidonda inapungua.

Tembea lakini. Ndani ya nyumba, kila masaa mawili ya mchana, hasa ulieshuka kwenye ndege ya safari ndefu, damu isigande miguuni. Ndama ya mguu mmoja ikivimba ikauma, au pumzi zikakatika, hilo la hospitali saa hiyo hiyo.

Na hapa nina langu la kusema. Kuna dada mmoja, zamani kidogo, alifanyiwa Dar akapanda boti siku ya pili, bahari ilikuwa chafu, alitapika njia nzima. (Wa Pemba nyie mnaopita mkondo wa Nungwi, kaeni siku za kutosha kwanza, na ombeni dawa ya kichefuchefu.) Kanifikia mchana, ziwa la kushoto kubwa kuliko la kulia. Nikamwambia maziwa hayavimbi sawa siku za mwanzo, nenda kapumzike. Ni kweli hayavimbi sawa. Usiku karudishwa, ngozi imekaza kama ngoma, imekuwa zambarau mpaka kwapani, damu imevilia, akafunguliwa tena usiku ule. Yuko mzima, alhamdulillah, lakini ule mchana naukumbuka, nilimtazama kwa macho tu na sikumuuliza limeanza lini. Sasaivi nauliza. Pande zote mbili zimevimba sawa sawa, taratibu, namtuliza. Upande mmoja umekua ndani ya masaa, unauma kuliko mwenzake, sina subira, simu kwa daktari hapo hapo.

Homa je? Joto likipita 38, au ziwa moja likawa jekundu, au mshono ukatoa maji ya rangi, sema ukweli ulichofanyiwa. Mnaficha sana. Mtu anakwenda kituo cha afya kwa homa, anapimwa malaria hamna, anapewa panadol anarudi nyumbani, na hakusema neno kwa sababu mhudumu ni jirani ya wifi yake. Chumba cha dresingi hakina wifi. Sema "nna implanti", maneno mawili, sikuulizi kwanini umeweka na gharama alilipa nani.

Ile kadi ndogo yenye namba ya implanti iweke pamoja na pasipoti. Mwaka 2010 Ufaransa waliondoa sokoni implanti za PIP, kumbe zimejazwa silikoni ya viwandani isiyokuwa ya tiba, na 2019 zikaondolewa zile za mkwaruzo za Biocell kwa sababu ya saratani adimu ya chembe za kinga ya mwili inayoota kwenye utando. Asiye na kadi alikuwa hajui kama ni yeye au si yeye. Na ukiona miaka baadae ziwa moja limejaa maji ghafla, nenda na kadi yako.

Nirudi kwa shangazi. Nilipomaliza kumfunga mwanawe, alikuwa kakaa kwenye kiti mkoba mapajani, kimya, nikamwambia bi mkubwa hujamuua mtu, kitapona. Akaniuliza, "Sasa mie nifanye nini? Nimekaa tu nimtazame?" Na hilo swali ni la haki, mtu kalala chumbani ana maumivu na wewe umezoea kumkanda. Nikampa kazi. Kipimajoto cha kwapani asubuhi na jioni, aandike. Aangalie kulia na kushoto kila akibadilishwa nguo. Nazi akune yeye. Yule mtoto mdogo alale naye.

Leo saa nne kaja peke yake, mwanawe kamwacha amelala, kanionyesha daftari la shule la mjukuu. Jana jioni 36.9. Leo asubuhi 36.7. Na chini yake kaandika kwa kalamu nyekundu, "ziwa la kulia na la kushoto sawa sawa, maji ya moto hakuna".