Ndege mhamaji: mgeni gani anayekaa miezi minane?

Ulaya, Februari ni mwisho wa baridi, na Machi miti inaanza kuchipua. Watazamaji wa ndege wa huko hushinda macho juu wakimngoja mbayuwayu wa kwanza. Pwani ya Kenya wakati huohuo tuko kwenye joto la mwisho la kaskazi, na mbayuwayu bado wamejipanga kwenye nyaya za umeme pale Gede. Anayengojwa kule, huku ndiyo kwanza anafungasha. Ndiyo maana neno “ndege mhamaji” linahitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa wengi hudhani ni ndege wa Ulaya aliyekimbilia kwetu kuota jua.

Mhamaji ni ndege anayekwenda na kurudi kila mwaka baina ya mahali pawili, pa kuzalia na pa kukaa asipokuwa na vifaranga, kwa nyakati zinazojulikana. Kurudi ndiko kunakomtenga na wengine. Kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 akaenea hadi bara, lakini huyo ni mlowezi, hana safari ya kurudi. Kwelea naye, adui wa wakulima wa mtama, hufuata mvua na mbegu popote zilipo, huyo anahamahama. Kiswahili kimeshatufanyia kazi hapo: kuhama ni jambo moja, kuhamahama ni jingine.

Sasa twende hori ya Mida, karibu na Watamu, wiki ya mwisho ya Machi. Usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, utaona vidoa tu vya ndege kule mbali kwenye tope. Nenda maji yanapoanza kujaa, na ikiwa ni bamvua, siku za maji makubwa, ndiyo bora zaidi. Maji yanawasukuma vitwitwi, ndege wadogo wanaotafuta chakula topeni, hatua kwa hatua hadi wanakuwa karibu nawe kiasi cha kuona macho yao. Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Desemba alikuwa wa kijivu juu na mweupe tumboni, wala hakuna ambaye angemtazama mara mbili. Mwisho wa Machi amejaa mabaka mekundu kama ukuta wa udongo uliopakwa chokaa ikabambuka. Ikifika katikati ya Aprili, kifua na tumbo ni rangi ya tofali. Mimi huyaita mavazi ya harusi, na si utani sana: arusi yenyewe iko Siberia, kwenye tundra ya Aktiki, nyika ya baridi isiyo na miti huko kaskazini kabisa, ambako atafika Juni, theluji inapoyeyuka.

Mavazi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mafuta. Watafiti wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, huwatega ndege hapo Mida, huwavisha pete mguuni, huwapima, kisha huwaachia. Ukimshika kitwitwi wa wakati huu na kupuliza manyoya ya kifuani taratibu, yanafunguka na ngozi inaonekana, nyembamba kama karatasi ya sigara. Chini yake utaona mafuta ya manjano yamejaa kwenye shimo la chini ya koo, manjano yaleyale ya kuku wa kienyeji. Ndege asiyefika hata gramu 70 huongeza nusu ya uzito wake au zaidi kabla ya kuondoka, na mzigo wote huo umetokana na minyoo na vijikaa vya tope. Kwa baadhi ya jamii za vitwitwi imeonekana hata firigisi na utumbo husinyaa siku za mwisho, maana angani hakuna kula.

Swali linalonisumbua kila mwaka ni hili: anajuaje? Mida iko karibu mno na ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumwambia mtu chochote. Theluji ya Siberia haiwezi kumpigia simu. Jibu lilipatikana Ujerumani, ambako mtafiti wa ndege Eberhard Gwinner, kuanzia miaka ya 1960, aliwafuga ndege wahamaji katika vyumba vyenye mwanga saa 12 na giza saa 12, bila mabadiliko, mwaka mzima. Ndege hao waliendelea kubadilisha manyoya na kunenepa, na majira ya safari yakifika walihangaika usiku kizimbani. Saa ya mwaka iko mwilini mwao. Haisemi tarehe kamili, na mwanga ndio unaoirekebisha, lakini inatembea yenyewe.

Si wote wanaokwenda Siberia. Yule mla kaa mweusi na mweupe, mwenye mdomo mnene kama koleo, huzaa mwambao wa Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Wako elfu 60 hadi 80 tu duniani kote. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Huondoka kwetu mwezi wa nne, kaskazi inapoiachia kusi nafasi, majira yaleyale ambayo majahazi ya Waarabu yaling'oa nanga kurudi kwao. Keremkerem mwekundu, anayelala kwenye mikoko jioni kwa makundi, hatoki Afrika kabisa. Anarudi kuzaa upande wa Ethiopia na Saheli. Naye ni mhamaji kamili, hata kama hajawahi kuiona Ulaya. Kuna pia wapita njia, kama kozi wa Amur anayetoka kusini mwa Afrika kwenda Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Huyo ukimkosa siku mbili tatu za Aprili, basi. Mwaka 2020 kekeo mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliyepewa jina Onon, alitoka Zambia, akapitia Kenya, akafika Mongolia baada ya kilomita zaidi ya 12,000.

Turudi kwenye lile la mgeni. Kitwitwi wetu mwekundu hufika pwani Agosti au Septemba na kuondoka mwisho wa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Tundra anakaa wiki chache, dume wakati mwingine hata mwezi mmoja na kitu tu, kisha huyo njiani tena. Kwa hesabu ya siku, kwao ni Mida, na Siberia ni mahali pa kwenda kujifungua. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinamwita mgeni wa baridi kwa sababu waandishi wake walikuwa wamekaa upande ule.

Halafu kuna wasiokwenda. Vijana wa mwaka wa kwanza, wengi wao, hawavai wekundu wala hawanenepi. Wakubwa huondoka jioni, jua likikaribia kuzama: kundi linainuka likiita, linazunguka hori mara moja mbili, linapanda juu na kushika kaskazini. Vijana wanabaki kwenye tope wakichokoachokoa. Ukienda Mida mwezi wa Juni, kusi ikivuma, utawakuta palepale, wa kijivu.